Fidia ya Aliyesingiziwa: Maneno, Desturi na Sheria

Katika kazi yetu ya kufundisha na kuchunga makundi tumeliona jambo hili mara nyingi. Mtu ashtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Akamatwa mbele ya watoto wake, alala mahabusu juma moja au miezi mingi, aenda na kurudi mahakamani, na mwisho hakimu asema kwamba hana hatia. Siku hiyo jamaa zake hufurahi, na majirani humwambia, "Mshukuru Mungu, umetoka." Kisha kila mtu hurudi shambani kwake, na habari huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini kwa yule mtu haijaisha. Mbuzi wameuzwa ili kumlipa wakili, kazi yake amepewa mwingine, binti yake aliyekuwa amechumbiwa ameachwa, na kanisani wako wasiopenda kukaa naye ubao mmoja. Je, mtu huyu anadai kitu? Na kama anadai, amdai nani, na deni hilo hulipwaje?

Swali hili twataka kulitazama kwa njia tatu: kwanza kwa maneno ya lugha yetu, pili kwa desturi za wazee na mafundisho ya dini, tatu kwa sheria za nchi zetu zilivyo leo. Twaona kwamba njia zote tatu zafika mahali pamoja. Aliyesingiziwa amenyang'anywa vitu viwili, mali na jina, na malipo ya kimoja hayalipi kingine.

I. Maneno ya kushtaki

Mwalimu afundishaye lugha ajua kwamba mahali watu walipopata taabu nyingi, hapo maneno huwa mengi. Basi na tuyatazame maneno yetu katika jambo hili.

Kushtaki si kosa. Mwenye kuibiwa ashtaki, na asiposhtaki mwizi ataiba tena. Kutuhumu nako si uongo. Ni kuwa na shaka juu ya mtu, na shaka yaweza kuwa ya haki au isiwe ya haki. Maneno haya mawili hayamlaumu asemaye.

Lakini yako mengine yenye lawama ndani yake. Kusingizia ni kumtwika mtu neno ambalo hakulitenda, na ndugu wa neno hili ni kisingizio, yaani sababu isiyo ya kweli. Kwa hiyo asingiziaye hakosi sababu ya kutoa. Atoa sababu, ila si ile iliyomo moyoni mwake. Atasema, "Amevunja duka," na sababu ya kweli ni mpaka wa shamba. Kuzulia kwatoka katika kuzua, na maana ya kale ya kuzua ni kutoboa, kama fundi atoboavyo ubao kwa keekee. Azuaye atoboa tundu mahali ambapo hapakuwa na tundu, kisha awaita watu waje kulitazama. Kanisani neno mzushi twampa yule aletaye mafundisho ya uongo. Barazani watu humpa yule aletaye habari za uongo, na kweli kazi yao ni moja. Kupakazia ni kumpaka mtu uchafu, naye akatembea nao asijue umetoka wapi. Kuchongea ni kupeleka maneno ya mtu kwa mkubwa ili apate hasara, na maneno hayo huenda yakawa ya kweli. Ubaya wake umo katika nia.

Siku hizi, hasa Tanzania, lasikika sana neno jingine: kubambikia. Watu husema, "Kesi ile alibambikiwa," na maana yake ni kwamba mashtaka yalibandikwa juu ya mtu ambaye hayakumhusu. Neno hili latofautiana na kusingizia kwa jambo moja. Jirani aweza kusingizia kwa mdomo mtupu, lakini abambikiaye kwa kawaida ana mamlaka au amemshika mkono mwenye mamlaka. Mwaka 2023 Tume iliyowekwa na Rais wa Tanzania kuchunguza taasisi za haki jinai, chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilisikia malalamiko ya namna hiyo kutoka kwa wananchi. Neno la barazani lilikuwa limefika mezani pa wakubwa.

Wasomaji wetu waangalie jambo moja katika orodha hii. Lugha yetu haimweki mtu aliyekosea pamoja na mtu aliyedanganya. Aliyeona vibaya gizani akasema, "Nadhani ni fulani," twasema amedhania au amekosea. Yule ajuaye kwamba si fulani, naye akasema ni fulani, huyo amesingizia. Tofauti hii tutaikuta tena katika sheria.

II. Maneno ya malipo

Neno kuu hapa ni fidia. Lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mali itolewayo ili kumkomboa mtu aliyeshikwa, kama mateka wa vita. Waislamu hulitumia pia kwa chakula apewacho maskini badala ya siku za saumu ambazo mgonjwa au mzee hawezi kuzifunga. Sisi Wakristo twalijua kutoka katika Injili, pale Bwana asemapo kwamba amekuja kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengi. Ofisini na mahakamani neno hilohilo latumika kwa mtu ambaye shamba lake limetwaliwa kwa ajili ya barabara, au mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine. Matumizi ni mengi, lakini ndani ya yote yako mawazo mawili: kwamba kuna kitu kilichopotea au mtu aliyeshikwa, na kwamba mwenye wajibu atoa kitu ili mambo yarudi mahali pake.

Karibu na fidia liko dia, yaani mali ilipwayo kwa ajili ya damu iliyomwagika. Liko pia faini. Lakini faini huingia katika hazina ya serikali, na aliyeumizwa haioni. Twataja jambo hili kwa sababu watu wengi wamwonapo msingiziaji ametozwa faini hudhani kwamba msingiziwa amelipwa, na kumbe hakupata hata senti.

Liko tena jina la upole, kifuta machozi. Tanzania serikali hulitumia kwa fedha apewazo mtu aliyejeruhiwa na mnyama wa porini, au jamaa za aliyeuawa naye. Na mwenye mazao yaliyoliwa hupewa kifuta jasho. Majina haya yamechaguliwa kwa akili. Yaonyesha huruma, wala hayakiri deni, kwa kuwa serikali haikumtuma tembo aingie shambani. Basi na tuangalie tusilitumie jina hili mahali pasipo pake. Aliyefungwa kwa uongo hakuumizwa na tembo. Ameumizwa na mtu mwenye akili timamu, naye anastahili fidia. Ampaye kifuta machozi huweza kujiona mkarimu, lakini ampaye fidia alipa tu alichokuwa akidaiwa, na wazee wamesema, dawa ya deni ni kulipa.

III. Desturi za wazee na mafundisho ya dini

Hapo kale, mahali pengi kando ya Ziwa Nyasa na bara yake, mtu aliyeshtakiwa kwa uchawi alinyweshwa mwavi, dawa yenye sumu iliyotengenezwa kwa gome la mti. Aliyekufa alihesabiwa kuwa na hatia. Aliyetapika alihesabiwa kuwa safi. Desturi hii ilikuwa mbaya, na watu wasio na hatia walioangamia kwayo hawana hesabu. Hatuandiki ili kuisifu. Lakini wamisionari wa kwanza walioishi katika nchi zile walieleza pia upande wake wa pili, nao wafaa kukumbukwa: aliyetapika alikuwa na haki ya kumdai malipo yule aliyemshtaki. Mshtaki hakuenda zake kana kwamba alikuwa ameuliza habari za mvua. Tena, jambo lote lilifanyika mbele za watu. Waliomwona akinywa ndio waliomwona akitapika, na jina lake lilirudi mahali palepale lilipoondokea.

Serikali za kikoloni zilitunga sheria juu ya uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na sheria hizo zimeendelea kutumika baada ya uhuru. Pamoja na mengine zamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Ni vema mwavi ulikomeshwa. Lakini kitu kimoja kilikwenda pamoja nao bila kupata badala yake, yaani ile saa ambapo mtu alisimama safi mbele ya kijiji chake. Leo bibi kizee aliyeitwa mchawi aweza kuona mshtaki wake akiadhibiwa katika mahakama ya mbali, na nyumbani watu wakaendelea kuvuka njia wamwonapo.

Torati yafundisha kwa ukali zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, waamuzi waambiwa wachunguze sana, na shahidi akionekana kuwa mwongo, atendwe lile alilokusudia ndugu yake atendwe. Ni kama mizani: uzito uliotaka kumwekea mwenzako ndio utakaowekewa wewe. Na habari za Nabothi, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, zatuonyesha sababu ya ukali huo. Mfalme alitaka shamba la mizabibu. Mashahidi wawili wa uongo waliletwa. Mwenye shamba akapigwa mawe. Mashtaka yalikuwa ya kumtukana Mungu na mfalme, lakini sababu ilikuwa shamba. Hiki ndicho kisingizio, kama tulivyolieleza neno lenyewe.

Majirani zetu Waislamu wana hukumu yao juu ya mtu amsingiziaye mwanamke mwenye heshima zinaa asilete mashahidi wanne. Yaonekana katika Sura ya Nuru: viboko themanini, na baada ya hapo ushahidi wake usikubaliwe. Siku hizi mahakama za Kadhi za Kenya na Zanzibar zashughulika na ndoa, talaka, urithi na mambo kama hayo, wala hazihukumu jinai, kwa hiyo twaitaja kama mafundisho tu. Lakini yatupa jambo la kufikiri. Hukumu hii haikuishia mwilini mwa msingiziaji. Imeligusa neno lake. Aliyelichafua jina la mwingine kwa ulimi, ulimi wake wapoteza thamani, na kwa njia hiyo watu wote wajua nani alisema kweli na nani hakusema.

Tumalizie sehemu hii kwa Zakayo, maana hapa waalimu wa Maandiko wana faida ya kupata. Katika Luka, sura ya 19, yule mtoza ushuru aahidi kurudisha mara nne. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, yatumia wazo la kunyang'anya kwa hila, na wazo hilo ni sahihi. Lakini neno la Kiyunani lililoko pale lina historia yake. Latoka katika jina walilopewa watu wa Athene waliofanya kazi ya kuwashtaki wenzao ili wapate fedha. Watu hao waliwasumbua wenyeji hata ikawekwa sheria, kwamba katika kesi nyingi za umma mshtaki asiyepata hata sehemu moja ya tano ya kura za waamuzi atozwe drakma 1,000. Basi Zakayo, asemapo neno lile, yawezekana sana anakiri kwamba alipata mali kwa kuwatia watu hofu ya mashtaka yasiyo na msingi. Naye hasemi, "Nitawaombea." Asema atarudisha, tena mara nne, tena asema akiwa amesimama mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika. Mali na jina vyarudi siku moja.

IV. Sheria za leo

Sheria ya Kiingereza iliingia Kenya kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ndani yake ilikuja haki ya kudai fidia kwa mashtaka ya nia mbaya. Haki hii ni ya kale. Mwaka 1698 Jaji Mkuu Holt wa Uingereza alieleza kwamba mashtaka ya namna hii huleta hasara za namna tatu: hasara ya jina, hasara ya mwili, kama mtu akifungwa, na hasara ya mali, kama mtu akilazimika kutumia fedha zake kujitetea. Wasomaji wataona kwamba jina limo katika hesabu hiyo tangu mwanzo.

Lakini kupata fidia hiyo si rahisi. Mahakama za Afrika Mashariki zimeeleza mara nyingi, na Mahakama Kuu ya Tanzania ilieleza katika hukumu ya mwaka 1980 ambayo mawakili huitaja hata leo, mambo ambayo mdai lazima ayathibitishe yote. Kwanza, kwamba alishtakiwa, na mdaiwa ndiye aliyeyaanzisha mashtaka hayo. Pili, kwamba kesi ilikwisha kwa upande wake. Tatu, kwamba hapakuwa na sababu ya kuaminika ya kumshtaki. Nne, kwamba mshtaki alikuwa na nia mbaya, yaani alikusudia jambo jingine, si kutafuta haki. Tano, kwamba alipata hasara. Likikosekana moja, dai huanguka.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu aliyeshinda kesi hudhani kwamba ushindi wenyewe ni ushahidi wa nia mbaya. Sivyo. Hakimu humwacha mtu huru hata kama kuna shaka tu, na aliyeshtaki aweza kuwa alishtaki kwa moyo safi. Mwenye duka aliyevunjiwa usiku, akamwona mtu mwenye kanzu kama ya jirani yake akatoa habari polisi, hakusingizia, amekosea. Sheria yamkinga, kwa maana kama kila mshtaki aliyeshindwa angelipishwa, maskini wangeogopa kuwashtaki wenye nguvu, na wezi wangefurahi. Hii ndiyo tofauti tuliyoiona katika lugha. Sheria yataka kujua kama ni kukosea au ni kusingizia.

Jambo la pili lahusu maneno ya mahakama, na mwalimu aombwaye kumsaidia mtu kusoma hati yake ayajue vizuri. Kuachiwa si sawa na kuachiwa huru. Katika sheria ya Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi kwa kutokuwa na nia ya kuendelea nayo, mshtakiwa huachiwa. Lakini aweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Aliyeachiwa huru ni yule ambaye mahakama imemwona hana hatia. Atakaye kudai fidia aangalie kwanza hati yake yasemaje.

Iko njia fupi zaidi, isiyojulikana na wengi. Sheria za mwenendo wa jinai, Kenya na Tanzania, zampa hakimu uwezo wa kuamuru, palepale afutapo kesi, kwamba mlalamikaji amlipe mshtakiwa fidia, akiona kwamba mashtaka yalikuwa ya upuuzi au ya kuudhi tu. Haihitaji kesi mpya wala safari nyingine. Basi mshtakiwa, au wakili wake, aiombe siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika.

Tena kuna muda. Tanzania dai la madhara ya namna hii hupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3, na atakaye kuishtaki serikali lazima atoe taarifa siku 90 kabla. Wengi hukaa kimya wakijipoza machungu, na wapatapo nguvu ya kusema wakuta mlango umefungwa.

Katiba nazo zimesema. Ya Tanzania, katika ibara ya 107A, yaziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa kufuata sheria iliyotungwa. Ya Kenya, ya mwaka 2010, yaihesabu fidia kuwa moja ya nafuu ambazo mahakama yaweza kumpa mtu ambaye haki zake za msingi zimevunjwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976, wataka aliyekamatwa kinyume cha sheria awe na haki ya fidia, na vilevile aliyehukumiwa kwa makosa, kisha ikadhihirika kwa habari mpya kwamba hukumu ilipotoka.

Nchi nyingine zimechukua njia iliyo tofauti. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1971 ambayo kwayo serikali humlipa mtu aliyewekwa kifungoni kisha akaonekana hana hatia, bila kumlazimisha kuthibitisha nia mbaya ya mtu yeyote; na tangu mwaka 2020 kipimo ni euro 75 kwa kila siku, mbali na hasara za mali. Fikira yake ni nyepesi kueleweka: siku zile zilichukuliwa kwa faida ya watu wote, basi watu wote wazilipe. Kwetu fikira hii yastahili kuzungumzwa, hasa kwa kuwa yako makosa, kama kuua na kuiba kwa kutumia silaha, ambayo Tanzania hayana dhamana, na mshtakiwa hukaa mahabusu hata kesi yake iishe, awe na hatia au asiwe nayo.

V. Habari za watu wawili

Ili jambo hili lisibaki kuwa la vitabu, na tutazame habari za watu wawili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa kwetu.

Adolf Beck alikuwa mtu wa Norway aliyeishi London. Mwezi wa Desemba 1895 mwanamke mmoja alimshika njiani, akisema ndiye aliyemlaghai akachukua vito vyake. Wanawake wengine wakaja, wakasema vivyo hivyo. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miaka 7, ikidhaniwa kwamba ndiye laghai mmoja wa zamani aliyejiita John Smith. Mwaka 1898 wakubwa waligundua katika kumbukumbu za gereza kwamba John Smith alikuwa ametahiriwa, naye Beck hakutahiriwa. Walimbadilishia namba ya kifungo, lakini hawakumfungua. Alitoka mwaka 1901, akakamatwa tena mwaka 1904 kwa mashtaka ya namna ileile, akaonekana tena kuwa na hatia. Na ndipo mwenye kosa halisi aliposhikwa. Beck alisamehewa, na serikali ikamlipa pauni 5,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Kwa sababu ya habari zake Uingereza ilianzisha Mahakama ya Rufani za Jinai mwaka 1907. Lakini yeye mwenyewe alikufa mwaka 1909, fedha zikiwa zimekwisha. Na wasomaji waangalie neno lile, alisamehewa. Mtu ambaye hakukosa asamehewa nini?

Wa pili ni Ramogi Achieng Oneko. Alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne huko Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, kifungo cha miaka 7 kwa kuongoza Mau Mau. Alikata rufani, na Januari 1954 Mahakama Kuu ya Kenya ikaifuta hukumu yake. Kwa sheria alikuwa mtu asiye na hatia. Lakini hakwenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini kwa amri za hali ya hatari, akakaa huko hata mwaka 1961. Hapa twaona kwamba hati ya mahakama peke yake, kama wenye nguvu hawataki kuiamini, haimrudishii mtu hata mlango wa nyumba yake.

Beck alilipwa mali, na jina likarudi nusu. Oneko alirudishiwa jina katika karatasi, na mwili ukabaki kizuizini. Hakuna aliyepewa vyote viwili kwa wakati wake.

VI. Yatupasayo sisi

Sheria yaweza kuhesabu fedha za wakili, mshahara uliopotea, na siku za mahabusu. Katika jina yaweza kidogo tu, kwa sababu jina halikai mahakamani. Lakaa sokoni, kisimani, shuleni na kanisani. Huko hakimu hana askari. Huko tuko sisi.

Na yatupasa kukiri kwamba mara nyingine sisi wenyewe tumekuwa wepesi wa kuondoa na wazito wa kurudisha. Mwalimu wa shule au katekista ashtakiwapo kwa fedha za sadaka, Jumapili ifuatayo hutangazwa kwamba ameondolewa katika utumishi mpaka habari ichunguzwe. Huenda hilo ni la lazima. Lakini aonekanapo hana hatia, mara nyingi huitwa ofisini, huambiwa kwa sauti ndogo kwamba aweza kurudi kazini, na jambo huishia hapo. Aliondolewa mbele ya watu mia tatu, akarudishwa mbele ya meza. Watu mia tatu walisikia tangazo la kwanza, na la pili hawakulisikia kamwe. Katika kimya hicho ile methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja, huendelea kufanya kazi yake. Ni methali ya akili katika mambo mengi, lakini juu ya aliyesingiziwa ni hukumu ya pili isiyo na rufani.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne. La kwanza, tangazo la kurudisha litolewe mahali palepale, kwa sauti ileile, na kwa watu walewale waliosikia tangazo la kuondoa, na lisiseme "amesamehewa," bali liseme "hakutenda." La pili, mshahara uliozuiliwa ulipwe wote, na uitwe kwa jina lake, haki yake, si msaada. La tatu, kama mshtaki ni mtu wa kundi letu, na imedhihirika kwamba alijua anasema uongo, tusimpokee mezani pa Bwana kwa kuungama faraghani tu; na aende kwa yule aliyemwumiza, mbele za mashahidi, akarudishe alichokiharibu kwa kadiri awezavyo. Lakini kama alikosea bila hila, tumfundishe kusema hivyo wazi, maana kusema "nilikosea" hakumwondolei mtu heshima. La nne, mwalimu ajuaye kusoma hati za serikali amsaidie jirani yake kujua haki zake mapema, ule muda usije ukapita.

Wazee wasema, maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli. Siku zilizokwenda mahabusu hazirudi. Lakini mtungi uliovunjwa waweza kulipwa, na aliyeuvunja aweza kutajwa. Mtu wa namna hii akirudi kwetu Jumapili ijayo, akaketi peke yake ubao wa nyuma, tusingoje wengine waanze. Na tuende tukakae naye, kisha tusimame tuseme mbele ya watu wote kwamba hakutenda.